Kiswahili cha Jikoni: Hoja Baada ya Usiku Mmoja wa Maigizo Mtaani Karen

1. Utangulizi

Wahakiki wa tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya tuna mazoea ya kuandika juu ya michezo ambayo hatujapata kuiona ikichezwa. Tunaisoma tukiwa tumeketi mezani, tunaichambua fani na maudhui yake, tunaitafutia tapo la kuiingiza, kisha tunaichapisha tahakiki yetu katika majarida kama hili. Mwandishi wa makala haya amefanya hivyo kwa muda usiopungua miaka kumi na mitano, na kwa hiyo hana haki ya kujitoa katika lawama zitakazofuata.

Makala haya yalizaliwa na usiku mmoja wa Ijumaa uliotumika vibaya katika jumba dogo la maigizo mtaani Karen. Sitalitaja jumba lenyewe, wala kundi, wala jina la mchezo, kwa kuwa kosa ninalokusudia kulieleza si lao peke yao, na kulitundika shingoni mwa kundi moja kungekuwa ni njia rahisi ya kulikwepa. Hoja yangu ni kwamba katika jukwaa la Nairobi Kiswahili kimetengewa jikoni. Huko kinaruhusiwa kuchekesha, kupokea amri na kuleta chai. Mambo mazito, yaani mapenzi, sheria, mali na mauti, huzungumzwa sebuleni kwa Kiingereza. Hoja ya pili, ambayo nadhani itawaudhi wenzangu zaidi, ni kwamba idara zetu za Kiswahili zimesaidia kuufunga mlango wa jikoni hiyo kwa nje.

2. Usiku wenyewe

Tangazo la mchezo liliahidi tamthilia ya Kenya kwa lugha za Kenya. Ahadi hiyo ilinitosha. Niliwashawishi wanafunzi wanne wa uzamili, tukapanda matatu ya nambari 24 kutoka mjini, tukashuka kituo cha maduka cha Karen na kumalizia safari kwa miguu, kando ya nyua ndefu na mageti yasiyo na majina. Jumba lenyewe lilikuwa zizi la farasi lililogeuzwa ukumbi: viti kama sitini, jukwaa la mbao, taa chache zilizowekwa kwa ustadi. Kiingilio cha mtu mmoja kingewalisha wanafunzi wangu kwa siku kadhaa. Mgala muue na haki yake mpe: taa zilikuwa nzuri, maleba yalifikiriwa, na waigizaji walikuwa wameijua mistari yao barabara, jambo ambalo si la kawaida.

Kisa kilikuwa hiki. Wakili mstaafu amefariki dunia nyumbani kwake Karen. Mjane wake, wanawe wawili na nduguye marehemu wanagombania ardhi na mahali pa kuuzika mwili. Nyumbani humo mna watumishi watatu: mpishi, yaya na mlinzi. Hawa watatu ndio waliokabidhiwa "lugha za Kenya". Mjane, wana na shemeji walisema Kiingereza tangu pazia kufunguliwa hadi kufungwa. Hata shemeji, ambaye kwa mujibu wa mchezo alikuwa ametoka shambani asubuhi ile, alidai haki za ukoo kwa Kiingereza cha mahakamani.

Nilikuwa na daftari. Katika sehemu ya kwanza nilijaribu kuandika kila pahala Kiswahili kilipotamkwa na jinsi hadhira ilivyokipokea. Baada ya pahala pa kumi na mbili niliacha, kwa kuwa jibu lilikuwa moja: kicheko. Mpishi akisema chakula kiko tayari, watu walicheka. Mlinzi akitangaza wageni, walicheka. Hakukuwa na mzaha wowote katika maneno hayo. Kilichochekwa ni lugha yenyewe kuonekana jukwaani.

Tena haikuwa lugha anayoisema mtu yeyote. "Memsabu, mimi naona gari mbili nakuja," alisema mlinzi. Ni kweli kwamba Kiswahili cha Nairobi kina njia zake za kupatanisha ngeli, na njia hizo hazifanani na zile zilizomo katika vitabu vya sarufi. Lakini zipo. Mlinzi wa Nairobi atasema "gari mbili zinakuja", na kiambishi chake cha upatanisho atakiweka pahala pake bila kufikiri. Mwajiri wake atamwita "madam" au "mama", kisha huenda akamalizia kwa jina la mtoto mkubwa wa nyumba ile. Neno "memsabu" lilikwisha kuzikwa na waliokuwa wakiitwa hivyo. Sentensi ya mlinzi huyo haikutoka kinywani mwa mlinzi. Ilitoka katika sikio la bwana wake wa zamani.

Katika sehemu ya pili umeme ulikatika. Yaya alikuwa jukwaani peke yake, akikunja nguo za marehemu na kumsubiri mjane aingie. Kiza kilituama. Tulisikia mtu akikimbilia jenereta nje. Yule mwigizaji, badala ya kunyamaza, alianza kusema na shati alilokuwa amelishika:

"Mzee, hii shati ulikuwa unakataa nikiipiga pasi kola. Ulisema inakukaba. Sasa wameniambia nikuchagulie ya kuzikwa nayo, na hakuna mtu ameniuliza kama najua ile ulikuwa unapenda."

Aliendelea hivyo kwa dakika tatu au nne. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja Mzungu aliyeketi mbele yangu, ambaye alikuwa amecheka kuliko wote katika sehemu ya kwanza, alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha jenereta ikanguruma, taa zikawaka, mjane akaingia na Kiingereza chake, na yaya akarudia "ndiyo memsabu" kama alivyoandikiwa. Nilikuja Karen kutazama tamthilia nikaipata gizani kwa dakika nne, na mwandishi wa mchezo hakuhusika nayo.

Hapana budi niongeze jambo moja. Maneno ya yaya nimeyanukuu kama alivyoyasema. Lau ningelikuwa ninaisahihisha insha yake, ningeliweka wino mwekundu mahali pasipopungua patatu. Nitalirudia jambo hili hapa chini.

3. Jikoni na sebuleni: urithi wa aina mbili

Msomaji aweza kusema kuwa natarajia mengi mno kutoka Karen. Mtaa huu ulichipuka juu ya shamba la kahawa lililosimamiwa na Karen Blixen hadi lilipouzwa mwaka 1931. Katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 1937, miongoni mwa Waafrika wanaokumbukwa zaidi na wasomaji ni Kamante, kijana wa Kikuyu aliyekuwa mpishi. Filamu iliyotokana na kumbukumbu hizo mwaka 1985 iliendeleza mgao uleule wa nafasi: wenye mapenzi na misiba ni wengine, na Mwafrika anashika sinia. Ni nadra kutajwa kwamba mpishi huyo alikuja kuwa na kitabu chake, kilichotoka mwaka 1975, ambamo alisimulia mambo jinsi yeye mwenyewe alivyoyaona.

Lugha ya jikoni nayo ina vitabu vyake. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha mazoezi ya Kiswahili cha bara yaliyokusudiwa askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Hicho ndicho kiitwacho Kisetla: lugha ya kuamuru, isiyohitaji adabu wala upatanisho, kwa kuwa anayeamriwa hatarajiwi kujibu. Mlinzi wetu wa Ijumaa ile alikuwa akizungumza Kisetla takriban miaka tisini baada ya kitabu hicho, tena mbele ya hadhira ambayo zaidi ya nusu yake ilikuwa Wakenya weusi.

Majumba yetu ya maigizo yalizaliwa na kizazi hichohicho. Donovan Maule na mkewe walianzisha jumba lao Nairobi baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili kuwaburudisha masetla kwa michezo ya London. Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule ilipotangazwa hali ya hatari. Mwaka 1976 watayarishaji wa The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, pamoja na wale wa Betrayal in the City ya Francis Imbuga, walilazimika kugombania siku chache katika jumba hilo kwa sababu ratiba ilikuwa imekwisha kutolewa kwa maonyesho ya wageni. Kisa hiki tunakipenda na tunakirudia darasani kila mwaka. Tunachosahau kukisema ni kwamba tamthilia zote mbili zilizonyimwa nafasi ziliandikwa kwa Kiingereza.

Historia hii inajulikana. Nasi hupenda kusimama hapo, kwa sababu hapo hatuna kosa. Lakini Karen ina jirani mwingine ambaye ni nadra tumtaje. Ukitoka Karen ukaelekea Dagoretti hadi mji wa Kikuyu, safari fupi tu, utafika Shule ya Upili ya Alliance. Shule hiyo ilisifika kwa kucheza Shakespeare kila mwaka. Humohumo, katika miaka ya 1950, wanafunzi walikuwa wakiandika na kucheza michezo ya Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini. Kimani Nyoike, Gerishon Ngugi na B. M. Kurutu nao wakaandika yao. Twaweza kuilaumu michezo hiyo kwa mafunzo yake mepesi na kwa woga wake wa kisiasa katika kipindi cha damu na kizuizi. Hata hivyo, ndani yake mwenye kupenda hupenda kwa Kiswahili, na mwenye kudanganya hudanganya kwa Kiswahili. Hapo hakuna jikoni ya lugha. Vijana wa shule, chini ya utawala wa kikoloni, walikikalisha Kiswahili sebuleni. Sisi wenye shahada za uzamifu tumekiacha kirudishwe uani.

4. Hoja za mwelekezi

Baada ya mchezo palikuwa na kikao cha maswali. Mmoja wa wanafunzi wangu aliuliza kwa upole kwa nini mjane hakupewa hata sentensi moja ya Kiswahili. Mwelekezi alijibu kwa heshima, na majibu yake yanastahili kupimwa kwa uzito wake. Alitoa hoja tatu.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya uhalisia: familia za Karen husema Kiingereza, na msanii mwaminifu hawezi kuzivisha lugha isiyo yao. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, inasahau kwamba lugha ya jukwaani ni makubaliano baina ya msanii na hadhira yake. Katika jumba lilelile la Karen, mwana wa mfalme wa Denmark akisema Kiingereza hakuna atakayenyoosha mkono kuuliza Kidenmarki kimekwenda wapi. Mwalimu Nyerere alimfanya Juliasi Kaizari aseme Kiswahili mwaka 1963, na Roma haikuanguka kwa sababu hiyo. Mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya waliicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili katika jumba la Globe jijini London, na Waingereza walioketi pale hawakudai kuthibitishiwa kwamba wanawake wa Windsor walisema Kiswahili. Ikiwa makubaliano hayo yanawezekana London, ni kitu gani kinachoyazuia umbali wa matatu moja kutoka chuo kikuu chetu? Na ikiwa uhalisia ndiyo sheria, mbona haukumlinda mlinzi asiwekewe kinywani lugha ambayo hakuna mlinzi anayeisema? Uhalisia uliotumika usiku ule ulimhifadhi tajiri ukamwacha mtumishi nje ya geti.

Hoja ya pili ilikuwa ya fedha: wanaolipa kiingilio wanataka Kiingereza. Sina vitabu vya hesabu vya jumba lile, na sitabishana juu ya mifuko ya watu. Nitakumbusha tu kwamba marehemu Wahome Mutahi, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa akipeleka michezo yake, ya Gĩkũyũ hasa, katika mabaa, na watu waliokuwa na hiari ya kunywa tu walilipa kutazama. Mwezi Mei mwaka 2022 Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ambayo serikali iliipiga marufuku kule Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, ilichezwa katika Jumba la Taifa kwa Gĩkũyũ na kwa Kiingereza. Kiswahili nacho kina hadhira isiyo ndogo. Vioja Mahakamani imeishi katika televisheni kwa miongo kadhaa, na humo hata hakimu hutoa hukumu kwa Kiswahili. Tatizo si kwamba watu hawaji kukisikiliza. Tatizo ni kwamba wamezoezwa kuja wakiwa tayari kucheka, na hawajapewa sababu nyingine ya kuja.

Hoja ya tatu ndiyo iliyoniuma. Mwelekezi alisema kwamba alitafuta tamthilia ya Kiswahili inayohusu msiba wa familia ya mjini, mjane na ugomvi wa ardhi, asiipate. Kwa hiyo aliagiza mpya iandikwe kwa Kiingereza. Nilitaka kusimama. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, upande wa Ngong, si mbali na zizi lile tulimoketi. Ukoo ulitaka azikwe Siaya, na kesi iliendelea hadi Mei 1987. Kutokana na mkasa huo Ebrahim Hussein aliandika Kwenye Ukingo wa Thim, iliyotoka mwaka 1988. Mjane Martha, mumewe Herbert, ukoo, sheria, tabaka la wasomi wa Nairobi: yote yamo, tena katika Kiswahili kinachokaribia ushairi. Isitoshe, Kithaka wa Mberia alichapisha Natala mwaka 1997, ambamo mwanamke aliyeambiwa kwamba mumewe amefariki anakataa kurithiwa na shemeji yake na kuachilia shamba. Kisa ambacho jumba la Karen lilikiagiza kwa Kiingereza kilikuwa kimekwisha kuandikwa kwa Kiswahili mara mbili.

Lakini sikusimama. Swali lilinijia kabla ya jibu: nani alipaswa kumwambia mwelekezi huyu? Kwenye Ukingo wa Thim nimeifundisha mara nyingi, nami ni mhadhiri katika jiji lilelile anamofanyia kazi. Kama hakuisikia, ni kwa sababu hakuna mahali ilipokuwa ikisikika. Ilikuwa maktabani, mahali tulipoiweka sisi.

5. Nyani haoni kundule

Linganisha hali yetu na ya Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Hussein alikuwa mtu wa jukwaa kabla ya kuwa kitabu: aliigiza, aliongoza, alifundisha sanaa za maonyesho, na tasnifu yake ya uzamifu huko Berlin Mashariki ilihusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki. Penina Muhando, mwandishi wa Hatia na Lina Ubani, alikuwa mwalimu wa sanaa hizohizo. Tamthilia ya Kiswahili ya Tanzania ilikua katika idara iliyokuwa na jukwaa. Kwetu Kenya mambo yalipangwa vingine. Sanaa za maonyesho ziliwekwa pamoja na fasihi ya Kiingereza au katika idara yake yenyewe. Kiswahili kikawekwa na isimu. Wenye jukwaa hawakuwa na Kiswahili, na wenye Kiswahili hawakuwa na jukwaa. Mpaka huo uliwekwa na watawala wa vyuo, lakini ni sisi tunaoulinda. Sikumbuki kikao hata kimoja cha idara ambapo mtu aliomba uondolewe.

Pili, tumeiuza tamthilia kwa mtihani. Kifo Kisimani, Mstahiki Meya, Kigogo na Bembea ya Maisha zimefuatana kuwa vitabu teule vya shule za upili. Ni jambo jema mwandishi asomwe na nchi nzima. Hata hivyo, angalia tulichokifanya na nafasi hiyo. Tumeandika miongozo. Tumeorodhesha sifa za wahusika, mbinu za lugha na maudhui ya ufisadi. Yapo makundi ya vijana yanayozunguka shuleni na kumbini kuicheza michezo hiyo, na nakiri kwamba hao ndio wanaoushika mwenge huu usizimike kabisa. Wao hucheza mchana, kwa wanafunzi waliovaa sare, ambao wamekuja kutafuta majibu. Jua likitua, Kiswahili kinakwenda nyumbani, na jukwaa la usiku linabaki na wenyewe. Zamani haikuwa hivi. Alamin Mazrui alichapisha Kilio cha Haki mwaka 1981. Mwaka uliofuata aliwekwa kizuizini. Sisemi kwamba kifungo ni kipimo cha sanaa. Nasema kwamba hakuna serikali iliyowahi kuliogopa swali la alama ishirini.

Tatu, na hapa narudi kwa shati la marehemu, tumewazoeza waandishi wetu kuandika Kiswahili kisichoweza kusemwa. Kwa kuhofia wino mwekundu wa wahakiki na wa kamati za vitabu, wahusika wa tamthilia zetu, awe mchuuzi wa Gikomba au kondakta wa matatu, huzungumza kama watangazaji wa taarifa ya habari. Wenye majumba ya Karen wamemnyima mtumishi lugha yake kwa kumpa Kisetla. Sisi tumemnyima kwa kumpa insha. Yaya aliyesema gizani "hakuna mtu ameniuliza" hakukosea. Alikuwa akisema lugha inayotumiwa na mamilioni ya watu kulilia maiti wao, kudaiana na kusameheana katika jiji hili. Mhakiki anayeona kosa la virejeshi katika maneno hayo kabla ya kuuona msiba uliomo hafai kuachiwa tamthilia mkononi.

Wapo watakaonijibu kwamba nafungua mlango wa uharibifu, na kwamba Kiswahili sanifu ndicho kinachotuunganisha na Unguja, Dar es Salaam na Kongo. Naiheshimu hoja hiyo, na makala haya yameandikwa kwa Kiswahili hichohicho sanifu. Lakini usanifu ni lugha ya makala, ya sheria na ya taarifa. Mhusika hakuwahi kuapishwa kuutetea. Anayetaka mlinzi na jaji waseme namna moja jukwaani anataka tamthilia isiyo na watu.

Nne, uhakiki wetu umeisahau kazi yake. Tunaziita tasnifu zetu uchunguzi wa tamthilia ilhali ni uchunguzi wa vitabu. Maelekezo ya jukwaani tunayapita kama mapambo. Nimefundisha Amezidi ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1995, kama mfano wa ubwege. Katika ubwege kimya ni sehemu ya mazungumzo. Darasani kwangu kimya kilikuwa nafasi tupu katika ukurasa, nasi tuliiruka kwenda kwenye sentensi inayofuata. Kwa muhula mzima sikuwataka wanafunzi wawili wasimame mbele ya wenzao na kunyamaza.

Yule mwigizaji wa yaya, nilikuja kutambua taa zilipowaka, alikuwa mwanafunzi wangu wa shahada ya kwanza miaka minane iliyopita. Alinifuata nje nikiwa naaga.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Umecheza vizuri. Hasa kule gizani."

"Kule gizani mwelekezi amenigombeza. Amesema nilitoka kwenye andiko." Alicheka kidogo. "Mwalimu, mwaka ule tulisoma na wewe tamthilia sita. Unazikumbuka?"

Nilizitaja zote sita, kwa majina na kwa miaka ya kuchapishwa.

"Tulicheza ngapi?"

Sikuwa na jibu, naye hakulisubiri. Alikuwa na matatu ya kuiwahi, kwa kuwa ujira wa usiku ule haungetosha teksi.

6. Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia kuwa mojawapo ya lugha mbili rasmi. Katiba haiwezi kukipa mhusika. Hiyo ni kazi ya waandishi, waigizaji na wahakiki, na kwa upande wa wahakiki nina mapendekezo manne. Mosi, kila kozi ya tamthilia katika idara yetu iishie kwa onyesho linalotahiniwa, na alama za onyesho zisiwe chini ya alama za karatasi. Pili, tasnifu yoyote ya tamthilia isipokelewe pasipo sura inayoeleza mchezo huo ulichezwaje, au ungechezwaje, na kwa nini. Tatu, tukafundishe pamoja na wenzetu wa sanaa za maonyesho, hata kama itatubidi tuombe viti katika darasa lao. Nne, jarida hili litenge kurasa kwa ajili ya tahakiki za maonyesho yanayochezwa jijini, makubwa kwa madogo, ili mwelekezi atakayeagiza mchezo mwingine wa Kiingereza asiwe na udhuru wa kutojua, nasi tusiwe na udhuru wa kutomwambia.

Najua yatakayosemwa: hakuna fedha, hakuna ukumbi, wanafunzi ni wengi, wahadhiri wamechoka. Yote ni kweli. Wanafunzi wa Alliance wa miaka ya 1950 hawakuwa na fedha, na ukumbi wao ulikuwa wa shule.

Kwa hiyo, muhula ujao wanafunzi wa uzamili wa idara hii watacheza Kwenye Ukingo wa Thim katika ukumbi wa mihadhara wa kwanza, saa moja jioni. Maleba tutaazima. Nafasi ya Martha amekubali kuicheza yule aliyekuwa yaya, naye ameweka sharti moja: asisahihishwe kila anapofungua kinywa. Jumba la Karen limepelekewa mwaliko wa viti viwili vya mbele, na umeme ukikatika tutaendelea.